Kopo la Miguu ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Nusu, na hakukasirika, maana jina alijipa mwenyewe. Stashahada ya umeme aliiacha muhula mmoja kabla ya kumaliza, akarudi nyumbani na begi, bisibisi sita na maneno mengi. "Mimi ni nusu ya injinia," alikuwa akisema, "ila ni ile nusu ya juu, yenye kichwa." Watu wakacheka, na waliocheka wakamwita awatengenezee pasi.

Aliyemcheka kwa moyo zaidi alikuwa mama yake mdogo, mshonaji wa sare za shule. Mama huyu alikanyaga cherehani ya miguu mpaka goti la kushoto likagoma, likavimba kama boga, ndipo akanunua cherehani ya umeme. Aliitunza kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama yuko katikati ya pindo, alisimama: akachomoa cherehani, redio, televisheni, friji, akakunja nyaya zote na kuzilaza juu ya meza. Kisha akakaa na kungoja mbingu imalize hasira zake.

"Mama mdogo," Nusu alimwambia siku moja, "radi ikikohoa tu wewe unakimbia. Siku ikipiga chafya si utahama mji?"

Akamletea gadi, kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na chombo ili kuzuia umeme ukizidi. Tatizo, plagi ya gadi ilikuwa na miguu mitatu, na ekstensheni ya mama mdogo ilikuwa na matundu mawili.

"Na huu mguu wa tatu?" mama mdogo akauliza. Ni mtu wa vipimo, hakuna kinachozidi kikampita.

"Huo ni pambo. Ni kama mfuko wa kifuani kwenye shati la mtoto. Upo, lakini nani anautumia?"

Mama mdogo alikwisha kushona mifuko ya namna hiyo mamia kwa mamia. Akacheka hadi sindano ikamtoka mdomoni. Nusu akachukua koleo, akakata mguu wa tatu, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka. "Sasa shona, hata mbingu ipasuke."

Alijua. Hapo ndipo ubaya ulipo. Mguu wa tatu ndio mlango wa kutokea: umeme wa ziada hupitia hapo, ukafuata waya wa kijani na manjano, ukazama ardhini kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba. Lakini nyumba ile haikuwa na fimbo. Kufanya kazi sawasawa kungetaka kubadili ekstensheni, kupitisha waya ukutani, na kupigilia shaba nyuma ya nyumba, mahali palipo changarawe tupu. Kazi ya siku nzima. Koleo lilitaka nusu dakika.

Kile kipande cha shaba alikitupia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baadaye akakata cha pili, kwa kinyozi. Cha tatu, kwa mfuga vifaranga. Kila nyumba yenye matundu mawili ilipata gadi, ikapata na ule utani wa mfuko.

Jumanne radi ikapiga nguzo ya umeme ya mtaani. Jumatano asubuhi mama mdogo akapiga simu. "Mwanangu, njoo uone."

Alimkuta ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na nusu ya sare zilikuwa bado vitambaa. Muuza mkaa, aliyefuata sketi za binti zake, alikuwa amesimama mlangoni. Nusu akafungua cherehani. Bodi ilikuwa na doa jeusi, na harufu yake ilimpanda puani kabla hajainama. Gadi yenyewe ilikuwa inawaka kijani, salama salimini.

"Mlinzi mzima, tajiri marehemu," muuza mkaa akasema. "Huyu mlinzi wako, Nusu, alikuwa kwenye njama."

"Usimseme mwanangu," mama mdogo akamkata. "Yeye kafanya yake. Radi haiombi ruhusa kwa mtu."

Nusu akainamia bodi ili asionekane uso. "Kwani hukuchomoa?" Swali lilipotoka alitamani alirudishe kwa mkono.

"Nilisimama nichomoe," mama mdogo akasema, bila kinyongo chochote. "Nikakumbuka ile ya chafya. Nikacheka peke yangu, nikakaa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Akatafuta la kusema, na mdomo, kwa mazoea, ukampatia. "Radi ya jana ilikuwa kubwa mno, mama mdogo. Hata gadi tatu zisingeiweza."

Ilikuwa inawezekana. Radi ikishuka karibu hivyo, pengine hakuna gadi ya kuiweza. Uongo wenye uwezekano ndani yake unakalika vizuri kama kiti cha mto. Muuza mkaa akatikisa kichwa kukubali. Mama mdogo akakubali pia, akainuka, akaenda pembeni kufunua cherehani ya zamani, ile ya miguu. Akanyoosha goti bovu upande, akakanyaga kwa mguu mmoja. Mlio wake ulikuwa wa kuchechemea.

Nusu akaondoka na cherehani iliyoungua kwapani, mlio ule ukimfuata hadi barabarani.

Chumbani kwake alimwaga kopo mezani. Vipande kumi na kimoja. Alivijua kimoja kimoja, na nyumba zake. Wenye nyumba hao wote zamani walikuwa wakichomoa. Yeye ndiye aliyewavua woga, akawaacha uchi. Alikaa akivitazama mpaka mwanga wa dirishani ukabadilika. Alasiri mawingu yalikuwa yamejipanga tena upande uleule wa jana.

Akarudi kwa mama mdogo kwanza. Alimweleza akiwa amesimama, kopo mkononi: mguu, waya, fimbo ya shaba, changarawe. Mguu wa mama mdogo ukatulia juu ya pedeli.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Mtihani wake nilifaulu."

Mama mdogo akamtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, ambacho hakirudi tena kuwa kizima. "Basi heri usingesoma kabisa," akasema. "Na mimi asubuhi nakutetea mbele za watu."

Nusu akamnyooshea kopo.

"Tuko wangapi humo kwenye kopo?"

"Wewe na wengine kumi."

"Na mvua ile pale. Sasa unanitazama mimi ili iweje?"

Akaenda. Kwa kinyozi kulikuwa na watu watano, mashine inanguruma kichwani mwa mmoja. "Haya, Nusu huyo," kinyozi akasema, tayari anatabasamu. "Tupe cha leo."

"Chomoeni kila kitu. Ule mguu niliokata haukuwa pambo."

Wakacheka. Mmoja akapiga paja. Nusu akasubiri wamalize, na ilichukua muda, maana kila alivyozidi kunyamaza waliona utani unanoga. Akaweka kipande cha shaba juu ya meza, kati ya vitana. "Hiki ni chako. Cherehani ya mama mdogo imeungua jana, kwa sababu yangu." Kicheko kikaisha. Kinyozi akazima mashine, mteja amenyolewa nusu, na hakuna aliyepata moyo wa kutania nusu hiyo.

Alifika nyumba saba kabla ya matone. Tatu za mwisho alizifikia ameloa, anapiga kelele dirishani watu wachomoe.

Jumamosi alikuwa nyuma ya nyumba ya mama mdogo, anapigilia fimbo ya shaba kwenye changarawe. Ndani, pedeli ilichechemea. Viganja vilipopasuka alivifunga kwa vipande vya kitambaa cha sare. Mama mdogo alitoka mara moja tu, akasimama juu yake na ile plagi iliyokatwa.

"Nitaleta nyingine, ya miguu mitatu," Nusu akasema. "Lakini hata nikimaliza yote haya, mama mdogo, ngurumo ikianza, chomoa."

"Nani kakuuliza? Mimi nilikuwa nachomoa kabla hujazaliwa," akasema, akarudi ndani kwenye sare zake.