Akala za Kuwindia

Kiatu kipya cha mwanangu kimebanduka soli wiki ya kwanza ya shule, na mwenye duka ananiambia ati mtoto anakimbia sana. Sasa viatu ni vya kulalia? Nilitoka pale kwa hasira, nikaenda kwa fundi wa akala. Alipopitisha kisu kwenye tairi, harufu ya mpira ikanirudisha utotoni, kijijini Bongwe, asubuhi niliyotaka kufa kwa hamu ya kwenda kuwinda.

Nguruwe mwitu walikuwa wakitumalizia mihogo. Mjomba ndiye aliyewaongoza wawindaji, na sharti lake lilikuwa moja: yeye anafumba macho, wewe unamnyatia kwa nyuma. Akikusikia, unabaki nyumbani.

Nikaja na koti langu jipya la nailoni. Hatua mbili tu, akacheka.

"Nani huyo anakaanga bisi?"

Nikalivua. Mara hii bangili zikalia, na ndara zikapiga pa, pa.

"Mjomba, tafadhali, mara moja tu!"

"Ya mwisho, mama. Nguruwe hajui tafadhali."

Nikajifunga kaniki kuukuu ya bibi. Nikavaa akala za kaka, nikazijaza makumbi ya nazi zisinipwaye. Nilinyata, moyo ukinidunda hata nikaogopa atausikia. Nikamgusa bega. Akaruka!

"Lo! Haya, shika kamba ya mbwa, twende."

Fundi aliniuliza kipimo.

"Kata kubwa kidogo," nikamwambia, "na misumari usinibanie. Huyu anakimbia."