Nusu Yangu ya Kitabu cha Kiingereza

Kitabu cha Kiingereza kilitoka Aru, mpakani na Uganda, nacho kilikuwa kimoja kwa watu wawili: mimi na jirani yangu wa mtaa wa Rwambuzi, fundi wa redio. Tulijifunza bila mwalimu, na tulikuwa tumekwama kwenye vitenzi vinavyochanganya watu, kama bring na take, yaani kuleta na kupeleka, au lend na borrow, kukopesha na kukopa.

Vita vilipofika mtaani kwetu, yeye aliamua kushuka Kasenyi avuke ziwa hadi Uganda. Mimi nilibaki na mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Kabla ya kuondoka alikikata kitabu katikati kwa wembe.

“Weye kamata mazoezi,” akasema, “miye nakamata majibu.”

“Juu ya nini?”

“Juu nakujua, ndugu. Ukikuwa nayo utachungulia tu. Tukionana, nitakusahihisha na bic nyekundu.”

Tukacheka, akaenda.

Nilifanya mazoezi yote kwa utaratibu, nikiacha pembeni nafasi ya alama za kalamu yake nyekundu. Kila aliyepanda kutoka Kasenyi nilimuuliza habari zake. Wengine walisema mitumbwi ilivuka siku ile. Wengine walisema kwamba kwenye barabara ile hakupona mtu.

Siku hizi vitabu vizima vinauzwa sokoni. Kwa miaka mingi sikununua, kwa sababu kusahihisha ilikuwa kazi yake. Mwaka huu nimenunua kimoja, pamoja na bic nyekundu, nikajisahihisha mwenyewe. Bring na take nilikuwa nimezikosea karibu kila mahali.