Siku Niliyowauliza Watoto Kabila Lao

Ukifika Igawa ukasikia mtu anaitwa "Mwalimu Sembe", huyo ni mimi, na nakuomba usicheke kabla hujanisikiliza, maana hata mimi nikijaribu kukicheka kisa hiki kicheko hunikatikia njiani. Jina nilipewa na shule nzima kwa siku moja, wapishi wakiwemo, na siwezi kusema nilionewa.

Mimi ni mtoto wa Tosamaganga, Mhehe (ingawa Kihehe changu kinaishia kwenye salamu, mama akianza kunigombeza kwa kasi mimi naitikia tu "ee, mama"). Nimemaliza chuo, na wakati nasubiri ajira ambayo kila mtu anaisubiri nikaja kujitolea kufundisha hapa. Chuoni nilikuwa yule anayenyoosha mkono mpaka wenzake wanaguna. Kwa nini mtoto aanze kusoma kwa lugha ambayo hajawahi kuiota? Nani aliamua, na alimuuliza nani? Nilipewa majibu mengi ya umoja wa taifa na hakuna lililonitosha.

Nikapewa darasa la kwanza. Humo ndani kuna Wasangu, ambao ndio wenyeji wa huku, Wahehe, Wanyakyusa, Wabena, na Wasukuma wanaotoka kwenye maboma ya ng'ombe kule nyuma ya mashamba ya mpunga. Mmoja wa hao wa mwisho alikuwa binti anaitwa Limi, na tangu shule ifunguliwe alikuwa hajatamka neno. Kusikia anasikia, ila ukimuuliza kitu anaangalia vidole vyake. Ofisini walishaanza kusema huyu ana tatizo, mwakani arudie darasa, nami nikawa nabisha mpaka chai inapoa kwamba tatizo ni letu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kwa lugha anayoijua.

Ijumaa moja Mwalimu Mkuu, Madamu Komba, alikwenda kikaoni Rujewa, nikaona nafasi ndiyo hii. Shuleni kilugha hakiruhusiwi, ila mkubwa hayupo na mlango unafungika. Nikawaambia watoto wakae kwa lugha za nyumbani, kila kundi na vijiwe vyake, wahesabu kama wanavyohesabu kwa mama. Darasa likawa soko. Halafu katikati ya zile kelele nikasikia sauti ambayo sikuwa naijua: "Imo, ibili, idatu..." Limi! Anahesabu, anamkosoa mwenzake aliyeruka kijiwe, anacheka kabisa na mapengo yake. Nilisimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyeona mvua inanyesha ndani ya nyumba.

Ningeishia hapo, leo mngekuwa mnaniita kwa jina langu. Lakini mimi hoja nikiianza lazima niimalizie, na Jumatatu nilitaka kupanga makundi vizuri zaidi, kwa hiyo kengele ilipogonga nikawaambia, "Mkifika nyumbani ulizeni, sisi ni kabila gani? Jumatatu mniambie, niandike."

Jumamosi nilikuwa mashineni nasubiri mpunga wangu ukobolewe, akaja mzee mwenye nyumba ninayopanga, Msangu, mtu mpole asiyenisumbua. Akanishika bega.

"Mwanangu, umefanya jambo la maana. Sasa itajulikana nani wa hapa na nani wa kuja."

"Hapana, mzee, ni hesabu tu za watoto."

"Sawa, sawa." Akatabasamu kama mtu anayetunziwa siri. "Hesabu tu."

Wenzangu, kuna pongezi zinazotisha kuliko matusi. Huku maji ya mfereji yakipungua, mkulima na mfugaji hawaangaliani vizuri, na kila mwaka kuna ng'ombe wanaoingia mpungani na maneno yanayofuata. Watu wanaishi kwa kutoliuliza swali moja kwa sauti, na mimi nilikuwa nimelituma majumbani kwa midomo ya watoto, tena pamoja na lile neno "niandike". Jumapili kanisani nikasikia wa nyuma yangu wananong'ona kwamba wanaorodheshwa wa kuja ili waondolewe, malori yatakuja. Nikataka kugeuka niseme ni mimi, ni uongo. Sikugeuka. Nilirudi nikajifungia, kila pikipiki ikipunguza mwendo karibu na dirisha napunguza pumzi.

Jumatatu madawati ya nyuma, wanakokaa watoto wa Kisukuma, yalikuwa matupu. Waliokuwepo walikuwa wamekaa kwa makundi bila kuambiwa, na mtoto wa Kinyakyusa aliyezoea kumwazima jirani yake wa Kibena penseli alikuwa ameikalia. Madamu Komba akanisimamisha mlangoni. Yeye ni Mngoni, mtani wangu, siku zote ananitania kwamba Wahehe tunakula mbwa.

"We Mhehe. Mbwa wangu akipotea najua pa kuuliza. Leo wamepotea watoto, nimuulize nani?"

Hakucheka. Kabla sijajibu, nikaona kupitia dirisha watu wanakuja kwa njia ya mpungani, wanaume mbele na fimbo zao, wanawake nyuma, wengi, kimya.

Sasa hapa ndipo elimu yangu yote ilipohamia miguuni. Nilimwambia Madamu "nakuja sasa hivi" (sijui nilikuwa naenda wapi), nikazunguka nyuma ya madarasa, nikaingia stoo ya jikoni, nikajibana chini ya shelfu la unga. Nje nikasikia sauti nzito: "Yuko wapi mwalimu anayeandika?" Nikawaza fimbo, nikawaza mama ataletewaje taarifa, na mama naye, kana kwamba amesikia, akapiga simu. Mlio wangu ni wa kwaya, tena sehemu ya besi. Nikaruka kuizima, kichwa kikagonga shelfu, na mfuko wa sembe uliokuwa wazi ukanimiminikia wote.

Mlango ukafunguliwa. Mpishi, Mama Atupele, akapiga kelele: "Yesu wangu! Kuna mzimu stoo!" Halafu akaniangalia vizuri. "Ee, kumbe ni wewe, mwalimu? Unga wa uji wa watoto huo!"

Nikatoka mweupe toka nywele mpaka viatu, shule nzima imejaa uwanjani, na kicheko kilichopigwa siku ile nadhani kilisikika barabara kuu. Nilipokea. Afadhali kicheko kuliko fimbo.

Kisha yule mwanaume wa mbele akasogea, na nikaona kwamba fimbo yake ni ya kuchungia tu, na mkono wa pili ameshika kamba, na kwenye kamba kuna beberu. Alikuwa baba yake Limi.

"Mwalimu, shikamoo."

Mtu wa umri wa baba yangu ananiamkia mimi, tena amenyenyekea, na ile "marahaba" hapana, haikutoka.

"Tumekuja kuomba," akasema. "Huyu mbuzi ni wako. Mtoto wangu umwandike Msangu. Kazaliwa hapa hapa, hatuna ugomvi na mtu." Akamvuta Limi mbele. "Sema."

Limi akaangalia vidole vyake. Halafu akasema, wazi kabisa, bila kukosea, "Mimi ni Msangu."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili. Walikuwa wamemfundisha Jumamosi na Jumapili nzima. Mimi nilikuwa najificha nikiwaogopa, kumbe wale watu wote na fimbo zao walikuwa wamekuja kwa sababu wananiogopa mimi.

Madamu Komba ndiye aliyesema: "Baba, rudisha mbuzi. Hapa tunaandika jina la mtoto, kabila hatuandiki." Akanigeukia. "Waambie wewe." Nikasema. "Kwa sauti, mtani." Nikasema kwa sauti, sembe ikinidondoka kwenye kope, kisha mchana tukapita naye boma kwa boma nikirudia maneno yale yale, na watoto wakaanza kurudi shule wakitufuata, wakiimba Mwalimu Sembe. Mwenye nyumba wangu siku hizi salamu yake ni fupi.

Bado nabisha ofisini. Mtoto anajua kuhesabu kabla hatujamfundisha, na nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini sitamuuliza tena mtoto yeyote kabila lake, hata kwa wema, hata kwa utafiti.

Limi alirudi, akakaa palepale nyuma. Juzi nilimwonyesha vidole vitatu. Akaangalia mlango kwanza, akawaangalia wenzake, kisha akanong'ona, "Tatu." Darasa zima likampigia makofi. Nikapiga na mimi, huku nikijiuliza ile idatu ya Ijumaa, yenye mapengo na kicheko, nitamrudishia vipi.