Anayekupenda Hatakuweka Kando

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama kwamba nimetoka kazini jana. Pampu ya kupandisha maji vyumbani ilikuwa imekwama, nami nimepiga magoti kuifungua. Nilikuwa fundi wa mitambo katika hoteli moja pale Galu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Hamisi, fundi mwenzangu kutoka Kinondo, akaja akanitoa spana mkononi kwa upole.

"Wacha, Mwanasiti, utachafuka."

Nikamwachia. Tulikuwa tukipendana, na nani hapendi kuhurumiwa? Tulidhani ni siri yetu, lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Karakana nzima ilikuwa ikijua. Na kila Hamisi aliponipokea kazi, wenzetu walijifunza kwamba mimi siwezi. Alipotafutwa msimamizi wa zamu, jina langu halikutajwa, ingawa wengi niliwatangulia kazini. Mkuu wetu aliniambia waziwazi kwamba kazi yangu hufanywa na mchumba.

Nikaenda Munje kwa shangazi yangu, Mwanakombo, nikalia. Nilitaraji amlaumu yule mkuu. Yeye alinisikiliza huku akikuna nazi, hata akamaliza.

"Huyo Hamisi anakupenda wewe," akaniuliza, "au anapenda ukae kando umtazame?"

Nikasema sijui.

"Basi kamuulize mwenyewe. Usiuulize moyo wako, huo umeshahongwa."

Maneno yalinichoma, lakini nilikwenda. Nikamwambia Hamisi kwamba huruma yake inanimaliza. Alinuna. Kwa siku kadhaa tukawa watu wa salamu tu, nami nikaamini nimempoteza. Sikufichi, niliumia.

Kisha jenereta ikazima, hoteli imejaa wageni. Mkuu akamwita Hamisi. Hamisi hakusogea.

"Hii Mwanasiti anaijua kunishinda," akasema mbele ya wote. "Mimi nitampokeza vyombo."

Nikaifungua. Nilipoiwasha ikakataa, na nikasikia mtu akicheka nyuma yangu. Hamisi hakunyoosha mkono. Nikarudia kazi yangu taratibu, nikawasha tena. Ikanguruma.

Haukupita muda Hamisi akatuma wazee wake Munje kuleta posa. Hoteli ilikuwa na sheria kwamba mume na mke wasifanye kazi idara moja, na kila mtu alingoja kuona mimi nikifungasha. Aliyeondoka ni Hamisi. Alipata kazi Diani, akaniambia mimi nimepigania nafasi ile zaidi yake. Baadaye nikaisimamia karakana hadi nilipostaafu, na leo wako mabinti wanne mle ndani, wala hakuna anayewashangaa.

Mwanangu, kupenda si aibu, hata kazini. Ila mtegemea cha nduguye hufa maskini. Usimwachie mtu kazi yako kwa sababu ya mahaba. Mkipendana kwa nia njema, wazee wajue mapema, mfunge midomo ya watu. Na mkubwa akikutaka kwa ahadi ya cheo, kataa, tena usiubebe mzigo huo peke yako, sema. Wanaume si wabaya wote. Wengine hawajaambiwa tu. Mwambie wako, umpe nafasi ya kuwa mtu mwema.

Nenda kazini, mama. Mola akutie nguvu mikononi na utulivu moyoni, akujaalie mwenza ambaye wewe ukisifiwa, yeye haoni amepunguziwa. Amina.