Chapuo ya Haji

Watu wa Ukunda tuna midomo, na mimi Tumu ni mmoja wao, kwa hiyo siwasingizii wengine. Mwanapili alipokwenda Likoni akarudi na vijana watatu waliokuwa wakiwachomolea abiria wa feri, tulisema amerukwa na akili. Mwaka ule wa 1963 kila mwanamke alikuwa akichagua kanga ya kuvaa siku ya Uhuru. Yeye alichagua wezi.

Alikuwa mwimbishaji wa kundi letu la ngoma. Mwanamke mfupi, sauti yake ikifika barabarani kabla yake, na ulimi wake hata marehemu mumewe alikuwa akiukimbia. Asubuhi alilima mihogo, alasiri alitufundisha nyimbo katika banda la makuti nyuma ya nyumba yake. Mungu alimpa mwana mmoja tu, Haji, mpigaji wetu wa chapuo, ile ngoma ndogo inayokwenda mbio juu ya mvumo wa ngoma kubwa. Haji akaichoka mihogo, akaenda Likoni kutafuta kazi, akapata wahuni. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia tulimpokea amelala jenezani, amechomwa kisu. Hitima ilipokwisha, mama yake aliitundika chapuo bandani na kusema hataki kuuona mkono wa mtu juu yake.

"Wangu mji umeshamla," alituambia siku aliyowaleta wale watatu. "Hawa bado wanatafunwa."

Walikuwa wamekamatwa na polisi, naye chifu wetu akakubali waachiwe kwa sharti. Wafundishwe ngoma, wacheze Kwale siku ya Uhuru mbele ya wakubwa, na kesi yao ya wizi itafutwa. Wakizusha balaa kijijini, watakwenda jela.

Basi akawafundisha. Alfajiri aliwatuma kisimani, mchana aliwalisha, alasiri aliwachezesha mpaka jasho likadondoka. "Mguu huo ni wako au umeuazima?" alimpigia kelele Karisa, aliyekuwa mrefu na mzito. Karisa huyo aliiba birika langu wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alilirudisha mwenyewe, limesuguliwa, nami nikamlaumu kwa kuchelewa kulileta. Kaingu alikuwa na sauti nzuri na alijua kuwa anayo. Wa tatu, Boga, alifanya kila alichoambiwa, ila hakuweza kumtazama Mwanapili usoni. Akipewa sahani, aliipokea macho yakiwa chini.

Siku moja nilipita pale mchana kati. Kwetu ni saa ambayo hata kuku hunyamaza, na mtu mwenye busara hakatizi njia panda, kwa kuwa jua likisimama utosini na wasioonekana hutembea. Nikasikia chapuo. Mipigo ilikimbia, ikachechemea kidogo mithili ya mtu aliyekanyaga mwiba, ikakimbia tena. Nywele zilinisimama. Mpigo ule ulikuwa wa Haji, na hapakuwa na mwingine pwani nzima aliyeupiga vile. Kisha ukakatika ghafla, katikati.

Niliingia nikisoma kila dua niliyoijua. Alikuwa Boga, amefumba macho, chapuo imo mapajani. Nikaigusa ngozi ya chapuo. Ilikuwa na joto.

Mjue kwamba ngoma isiyopashwa moto hailii, ngozi yake hulegea na sauti huwa ya mkeka unaokung'utwa. Nikatazama jikoni mwa banda. Jivu lilikuwa la jana, baridi.

"Umeipasha wapi?"

"Sikuipasha, mama. Nimeikuta hivi."

Mwanapili alikuwa mlangoni, jembe begani. Nilingoja amrukie. Aliliweka jembe chini taratibu, akasema, "Rudia." Boga akarudia, akakatiza palepale.

Tangu hapo kila mchana Mwanapili alimtaka apige, na kila mchana mpigo ulikatika mahali pamoja. Ngoma nayo haikuhitaji moto. Niliogopa, sifichi, lakini niliogopa zaidi nilipouona uso wa Mwanapili akisikiliza. Alikuwa akitabasamu.

Maneno hayakukawia. Watu wakasema Haji amerudi ndani ya mwili wa yule kijana, na pale mpigo unapokatika ndipo kisu kilipoingia. Kalama, mpigaji wa ngoma kubwa, aliibeba ngoma yake akaenda nayo kwao. Boga akakonda, kanzu aliyopewa ikawa inaning'inia. Jirani yangu Mbodze, ambaye udadisi utamuua, alimwita kwa nyuma ili amjaribu: "Haji!" Boga akageuka, rangi imemtoka. Hakumtazama Mbodze. Alitazama nyuma ya Mbodze, mahali pasipo na mtu. Mbodze alikimbia akiacha kiatu kimoja.

Wazee wakaenda kwa chifu. Uhuru ulikuwa umekaribia, naye hakutaka maneno. Alikuja alasiri tukiwa wote bandani.

"Mwanapili, kijana huyu anatisha watu. Kesho namrudisha Likoni, polisi watajua la kufanya."

"Kosa lake nini? Kupiga ngoma?"

"Kupiga ngoma ya maiti."

"Basi nifungeni na mimi, niliyemlea huyo maiti," alisema, na sauti ilimpasuka.

Hapo Boga akapiga magoti mbele yake, na kwa mara ya kwanza akamtazama.

"Mama, mimi si Haji. Haji alikuwa rafiki yangu. Alinifundisha mpigo huu juu ya debe, nyuma ya maghala, kila jioni kipande kidogo. Siku ile tulikuwa pamoja. Wahuni walipotoa kisu, mimi nilikimbia. Akaniita jina langu, mama. Aliniita, nami sikugeuka."

Nilimtazama Mwanapili mikono, kwa kuwa nilijua uzito wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale mbele yake alikuwa amepiga magoti mtu wa kumlipia uchungu huo. Chifu alikuwa tayari kumchukua. Neno moja tu lilitosha.

"Alikufikisha wapi?" aliuliza.

"Pale ninapokatia. Alisema kilichobaki atanipa kesho."

Mwanapili akaenda akakaa kwenye kigoda cha mpigaji. Katika kundi letu wanawake huimba na kucheza. Kigoda kile hata kwa mzaha hatukukikalia. Akaipakata chapuo.

"Na Haji mnadhani alifundishwa na nani?" alitukaripia sisi sote tuliokodoa macho. "Alikuwa mgongoni mwangu, nikimpigia juu ya sufuria." Kisha akamgeukia Boga. "Mwisho wake ni huu. Fuata."

Akapiga. Mpigo ukakimbia, ukachechemea, ukafika palepale ulipokuwa ukifia, ukavuka. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo, na sijawahi kulia hivyo mbele za watu. Boga alifuata kwa kupiga mapaja yake, akakosea, akapigwa kofi la bega, akarudia mpaka akaumaliza. Chifu aliondoka akisema tuonane Kwale. Kesho yake Kalama alirudisha ngoma yake bila kuulizwa.

Siku ya Uhuru, Kwale, uwanja umejaa, Boga akaipiga chapuo kuijaribu. Ikalia kama mkeka unaokung'utwa. Akaipiga tena, mkeka. Tukatazamana.

Mwanapili akaweka kiganja juu ya ngozi, akakiacha pale, kama mama anayepima paji la mtoto aliyekuwa na homa.

"Imepoa," alisema. Kisha akatugeukia na ulimi wake wa kila siku. "Mnangoja nini? Leteni makumbi ya nazi, washeni moto!"

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akilalamika kuwa moshi unamuwasha. Na moto ulikuwa haujawashwa bado.