Togwa ya Mizimu

Mimi sikusoma. Nilikaa miaka miwili kwenye shule ya mapadri, nikajua kuandika jina langu na kuhesabu kuku, nikatoka. Uganga nilirithi kwa shangazi, lakini nyumba ya bati pale Magamba nilijijengea mwenyewe, na siku hizo hata wanaume wenye nyumba ya bati walikuwa wachache, wanawake ndiyo usiseme. Kwa hiyo nikisema jambo juu ya wagonjwa wa kichwa, nisikilizwe.

Wakati ule mgodi ulikuwa umekusanya watu Mpanda kutoka kila upande. Mmoja alikuwa Mfipa, mtu mrefu, mpole, aliyeanza kusikia watu wakimwita kutoka ndani ya mwamba. Akitoka mgodini, wanamfuata. Akagundua kwamba akinywa pombe wananyamaza. Hakugundua kwamba kesho yake wanarudi na ndugu zao.

Alipoletwa kwangu alikuwa ameshapita kwa wengi. Dresa wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi. Padri alimwapisha aache pombe. Akaacha, sauti zikamvamia, akairudia. Mganga mmoja wa upande wa Litapunga akasema tutibu sauti kwanza, pombe itaondoka yenyewe, na dawa yake akaikoroga kwenye pombe. Walimgawana kama mbuzi, huyu kichwa, huyu utumbo. Nikawaambia nyie nileteeni mbuzi mzima.

Dawa yangu ilikuwa mizizi, uji, jembe na matusi. Matusi ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Sisi Wakonongo na Wafipa ni watani. Naweza kumwambia Mfipa neno ambalo mama yake mzazi hawezi kumwambia, na akinuna, aibu ni yake. Mkewe alipomuuliza habari za pombe, aliinuka akaondoka. Mimi nilimuuliza kila asubuhi, mbele za watu, wale wa kwenye mwamba wameamkaje, na kama wameshamtuma kilabuni. Alicheka, akajibu. Siku nyingine alisema wameamka vibaya, nami nikajua leo huyu asiachwe peke yake. Nilimpeleka shambani kwangu, tukalima huku namtukana mpaka jua la utosi. Naye hakukaa kimya. Alisema Wakonongo tumekula asali mpaka nyuki wamehamia Ufipa.

Shida ikawa tambiko. Mama yake alikuja kutoka kwao, akasema mgonjwa wa namna ile haponi kabla wazee waliokufa hawajapewa pombe ya ulezi, na mgonjwa mwenyewe aonje wa kwanza, watu wote wakiona. Tambiko sikulikataa, mizimu ina haki yake. Nilikataa pombe. Nikamwambia tutatoa togwa. Ulezi ni uleule, ila tunainywa kabla haijachachuka.

"Togwa ni ya watoto," alisema. "Wazee watasema tumewadharau."

"Mtani, wazee wenu wametembea kwa miguu toka Ufipa mpaka huku. Mwenye kiu hachagui."

Akacheka. Nikadhani amekubali.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Baba mkwe wa mgonjwa alikuwa amechoka kusikia habari zake, akamtuma mwanawe, kaka wa yule mke, aje akae mpaka tambiko liishe. Mgonjwa akilewa tena, mkewe na watoto wawili wanapanda lori kurudi Ufipa, basi. Mke alikuwa ameshafunga mzigo. Ulikuwa pale mlangoni, wote tunauona, na mgonjwa kuliko wote.

Mama akamwaga kidogo chini, akawaita wazee mmoja mmoja, akampa mwanawe kibuyu. Alikisogeza mpaka karibu na mdomo, mkono ukagoma. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, harufu ikanifikia na mimi. Mama alikuwa ameweka pombe. Sikumlaumu sana. Aliwaogopa wazee wake kuliko alivyoniogopa mimi, na hilo ni kosa la kawaida kwa Wafipa.

Akikirudisha, amewatukana wazee na kumwaibisha mama yake mbele za watu. Akinywa, ule mzigo unapanda lori. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini mpaka leo. Nilitaka njia aitafute mwenyewe.

Akanigeukia.

"Mtani," alisema, "tangu asubuhi hujaninyang'anya kitu. Unaumwa?"

Mtani anaruhusiwa kunyang'anya, hata msibani, hata kwenye tambiko, na hakuna mama wala mzimu anayekasirika. Nilimpokonya kile kibuyu kabla hajafunga mdomo, nikanywa chote, nikajifuta. Nikamwambia mama yake kwamba anapika pombe nzuri sana, ila masikio yake ndiyo mabovu. Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, huku amejifunika uso kwa kanga. Nikaagiza togwa yangu iletwe, mgonjwa akaonja wa kwanza kama desturi inavyotaka, na wazee sikuwasikia wakilalamika.

Kaka wa mke alimwangalia shemeji yake. Mwisho akaomba na yeye apewe togwa. Dada yake akauinua ule mzigo, akauingiza ndani.

Sitasema alipona. Wale wa kwenye mwamba hawakuondoka, na pombe aliirudia tena masika moja, tukaanza upya kwenye jembe na matusi. Lakini safari hiyo mkewe alikuja kuniita mwenyewe, mikono mitupu, bila kufunga chochote.

Tumezeeka wote sasa. Nikikutana naye namuuliza wale wanasemaje.

"Wanakutukana," ananiambia.

"Waambie wapange mstari nyuma yako."