Masale Niliyoyang'oa Migombani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilimwona baba yangu akilia, na aliyemliza nilikuwa mimi. Nakusimulia nikiwa na hasira, ujue mapema. Hiyo chai iache ipoe.

Nilikuwa nimetoka Themi, nilikopanga chumba, nimekuja nyumbani huku mlimani na ujuaji wangu wa mjini. Nilitaka kumjengea mama banda la kuku. Katikati ya migomba palikuwa na masale matatu yamesimama pamoja. Nikajiambia, sale ni mmea wa mpakani, haya yanagawa shamba la nani na nani? Nikayang'oa yote. Mtoto wa Kimeru mimi, nikasahau kwamba sale hupandwa pia kaburini!

Baba alirudi kutoka kanisani akayaona. Hakunipiga. Alipiga magoti na suti yake ya Jumapili, akaanza kuyarudisha udongoni kwa mikono, machozi yakimtoka. Mama akanivuta jikoni.

"Pale ulipong'oa ni kaburi la dada yako."

"Dada gani? Si mimi ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza alikuwa Elifuraha. Alipata surua. Nilitaka kumpeleka hospitali, baba yako akasema tusubiri mvua ikatike. Haikukatika. Tukakubaliana tusimtaje tena."

Elifuraha ni jina langu, mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa naitikia jina la marehemu, na wao wananitazama wamenyamaza. Nilikasirika. Nikabeba mkoba wangu nikarudi mjini, nikaapa sikanyagi tena pale mpaka waniombe radhi.

Basi, baba akaja kuniomba. Wiki ya tatu alishuka mpaka Themi, akabisha mlangoni na jani la sale mkononi, limefungwa fundo. Unajua kwetu aliyekukosea akikuletea sale, unapokea, hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Na mzazi kumpelekea mtoto wake, hilo mimi sijalisikia tena popote. Akaliweka mezani.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu utotoni, "niliona aibu. Kila nikitaka kukwambia, naiona ile mvua."

Nikamjibu, "Chai iko kwenye chupa, baba," nikatoka kwenda sokoni. Niliporudi alikuwa ameondoka, na chai hakuigusa. Lile jani nililiacha palepale mezani mpaka likanyauka. Kabla ya Krismasi niliitwa nyumbani kumzika. Mpaka leo nikikumbuka najichukia, na yeye pia namkasirikia, maana angesema mapema tusingefika kule.

Sasa wewe. Juzi binti yako Anna ameniuliza baba yake amezikwa wapi, anataka kwenda kumpandia sale. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Ulimwambia baba yake amekufa, na mtu mwenyewe yuko Olasiti anauza mbao, mzima wa afya. Mimi nikajifanya natafuta miwani. Yaani unanifanya mwongo uzeeni, mbele ya mjukuu wangu? Najua yule bwana alikuacha na mimba, na mimi ndiye niliyekufuta machozi. Lakini kukuacha ni kosa lake. Kumzika akiwa hai ni kosa lako, na usimsingizie mtu.

Nasaha yangu ni hii, na sitairudia. Mwambie Anna leo, kabla hajamkuta baba yake njiani au kusikia kwa watu. Mwambie ukimtazama usoni. Usianze na makosa ya baba yake, anza na uongo wako. Akikukasirikia, mwache akasirike. Akinuna wiki, akinuna mwaka, wewe usiondoke kama baba yangu alivyoondoka pale Themi. Kaa hapohapo unywe chai yake.

Jani nimeshakukatia, lipo dirishani. Fundo ulifunge mwenyewe. Nenda, mwanangu, yuko nje kwenye migomba. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli, na yeye ampe mkono wa kupokea, ule niliokosa mimi.